Jua la Sengerema na mifupa ya mama zetu

Nabii Zakariya (AS) alipofikia uzee na akawa na haja kubwa kwa Mola wake, hakuanza dua yake kwa kuomba. Alianza kwa kueleza hali yake, kwamba mifupa yake imedhoofika na kichwa chake kimejaa mvi. Habari hiyo imo mwanzoni mwa Surat Maryam, na kila aliyefikia umri mkubwa huielewa bila kufasiriwa. Katika ishara zote za uzee, Nabii wa Allah aliutaja mfupa kwanza.

Kwa mwanamke, udhaifu huo huja mapema zaidi kuliko kwa mwanamume, na huja kwa kasi katika miaka inayofuata kukoma kwa hedhi. Mara nyingi hauna maumivu wala dalili. Mama huendelea kuswali, kupika na kulea wajukuu, mpaka siku moja anateleza bafuni na nyonga inavunjika. Kuanzia siku hiyo anageuziwa kitandani na watu wawili, na nyumba nzima inabadilisha ratiba yake.

Makala haya yanahusu njia moja ya kuichelewesha siku hiyo, nayo ni vitamini D, ambayo sehemu yake kubwa mwili huitengeneza wenyewe kwa msaada wa jua. Tumeichagua Sengerema kuwa mfano wetu kwa sababu jambo hili limepimwa pale, na matokeo yake yana somo kwa kila familia yenye mama aliyevuka umri wa kuzaa.

Neema iliyopimwa kando ya Ziwa

Mwaka 2013 jarida la kitaalamu la European Journal of Nutrition lilichapisha utafiti wa daktari Martine Luxwolda na wenzake, watafiti waliotoka Uholanzi. Walipima vitamini D katika damu ya watu wa makundi matano ya Tanzania: Wamasai, Wahadzabe, watu wa Same, watu wa Sengerema na watu wa Ukerewe. Walitaka kujua mwili wa binadamu anayeishi chini ya jua la Ikweta huwa na kiasi gani cha vitamini hiyo, na kinatoka wapi zaidi, kwenye jua au kwenye chakula.

Kipimo kinachotumika ni nanomoli kwa lita ya damu. Taasisi nyingi za afya huhesabu kuwa mtu mwenye 50 au zaidi anazo za kutosha kwa ajili ya mifupa, na aliye chini ya 30 ana upungufu wa hatari. Watu wazima wa Sengerema wasio wajawazito walikuwa na wastani wa 89. Wenzao wa Kimasai walikuwa na 118. Wajawazito wa Sengerema walipanda zaidi, wakafikia 142 hivi.

Tuzitazame hesabu hizo kwa utulivu. Sengerema ni nchi ya samaki. Sato, sangara na dagaa ndio kitoweo cha kila siku, na samaki, hasa mwenye mafuta, ni miongoni mwa vyakula vichache vyenye vitamini D. Wamasai, kwa upande wao, hula samaki kwa nadra sana. Lau kama chakula kingekuwa ndicho chanzo kikuu, watu wa Ziwa wangewazidi wafugaji. Imekuwa kinyume chake. Watafiti wakahitimisha kwamba jua ndilo lenye uzito mkubwa kuliko samaki. Wafugaji hushinda nje tangu alfajiri hadi magharibi, na damu yao inalishuhudia hilo.

Limo jambo jingine la kutia moyo. Inajulikana kwamba ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ngozi ya kijana, pengine chini ya nusu yake. Hata hivyo, katika makundi haya ya Tanzania vitamini D haikushuka kwa umri, bali ilipanda kidogo. Kwa hiyo uzee peke yake haumnyimi mtu neema hii, maadamu anaendelea kuishi mahali ambapo jua linamfikia.

Kinachotokea hedhi inapokoma

Mwanamke wa kawaida hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Qur'ani Tukufu inamtaja mwanamke wa umri huu bila haya na bila dharau, pale Surat At-Talaq inapobainisha eda ya waliokata tamaa ya hedhi. Ni hatua ya maisha aliyoipanga Muumba. Hata hivyo, ndani ya mwili kuna mlinzi anayeondoka wakati huo, nayo ni homoni ya estrojeni.

Mfupa haufanani na jiwe lililokaa tu. Kila siku sehemu yake hubomolewa na nyingine hujengwa, kama ukuta wa udongo unaokandikwa upya kila msimu. Estrojeni huzuia ubomoaji usizidi ujenzi. Inapopungua, ubomoaji hushinda, na baadhi ya wanawake hupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yao katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Ndiyo maana mifupa dhaifu ni maradhi yanayowapata zaidi akina mama.

Vitamini D huingia hapa. Mionzi ya jua ikigonga ngozi, ngozi huanza kuitengeneza, kisha ini na figo huikamilisha. Kazi yake kubwa ni kuufungulia mlango utumbo ili ufyonze madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Vitamini hiyo ikikosekana, mtu anaweza kula vizuri na kalsiamu ikapita bila kufyonzwa vya kutosha. Moyo, mishipa ya fahamu na misuli haviwezi kufanya kazi bila madini hayo, kwa hiyo mwili huyachota kwenye mfupa. Kwa mama ambaye tayari ameondokewa na estrojeni, huko ni kuchota kwenye ghala linalovuja.

Upungufu mkubwa huleta pia maumivu ya mifupa na unyonge wa misuli ya mapaja. Mama huanza kushika ukuta anapoinuka kwenye mkeka, au hushindwa kunyanyuka kutoka sijida bila kujikokota. Mara nyingi tunasema ni uzee tu. Inawezekana ni uzee, na inawezekana ni jambo linalotibika.

Kuhusu watoto, akina mama wengi huamini kwamba kunyonyesha kumewamaliza mifupa. Ni kweli kuwa mfupa hupungua wakati wa kunyonyesha, lakini kwa kawaida hurejea baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Mama aliyelea watoto wengi asijihesabu kuwa amekwisha.

Heshima inayomfungia mama ndani

Sasa tulifikie lililotufanya tuandike. Tumchukue mama wa miaka 60 aliyeishi maisha yake yote kijijini, upande wa Ziwa. Asubuhi hulima bustani, mchana huanika dagaa au udaga, jioni huchota maji na kukusanya kuni. Kazi hizo ni ngumu, na hakuna mtoto mwema anayependa kuona mama yake akizifanya hadi kaburini. Kijana wake akipata uwezo, humleta mjini. Humpa chumba kizuri chenye kitanda, feni na televisheni. Akinyanyuka kushika ufagio, mkwe humpokonya kwa adabu: "Mama, wewe pumzika."

Nia ni njema, na Allah Ndiye Mwenye kulipa nia. Lakini kwa siku moja mama huyo amevuliwa vitu viwili vilivyokuwa vikiishikilia mifupa yake. Ameondolewa jua, na ameondolewa mwendo. Kukaa dirishani hakumsaidii, kwa sababu kioo huzuia ile sehemu ya mionzi inayotengeneza vitamini D. Na mfupa usiobebeshwa uzito wa mwili hupungua haraka, kwa kijana na kwa mzee. Akiba ya vitamini D iliyomo katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa wiki mbili hadi tatu hivi. Hivyo alichokusanya kijijini hakitamfikisha mbali.

Hili si la kufikirika. Nchi za Ghuba, kama Saudi Arabia na Kuwait, zina jua kali kuliko letu kwa miezi mingi, lakini upungufu wa vitamini D umeenea kwa wakazi wake. Wapo waliokimbilia kuilaumu hijabu. Ukweli ni kwamba wanaume wa nchi hizo nao wamekutwa na upungufu huo, ingawa vazi lao ni tofauti. Joto, magari, ofisi na majumba yenye viyoyozi yamewaweka watu ndani. Mama yetu akifungiwa chumbani mjini Mwanza au Dar es Salaam, anaishi maisha yale yale bila ya kupanda ndege.

Surat Al-Israa inatuamrisha kuwafanyia ihsani wazazi, hasa wanapofikia uzee wakiwa kwetu, tusiwaambie hata neno la kuonyesha uchovu. Ihsani ni kumfanyia mtu lile linalomfaa, na linalomfaa mama huyu halipatikani katika utulivu wa kitandani peke yake.

Stara haigombani na jua

Nyumba za wazee wetu, za Pwani na za bara, zilikuwa na ua. Humo mwanamke alipika, alisuka, alichambua mchele na kuanika nguo, akiwa mbele ya maharimu zake tu, kichwa wazi na mikono wazi. Ua ulikuwa sitara, na pia ulikuwa mahali ambapo jua lilimfikia mwanamke bila macho ya watu kumfikia. Leo tunajenga nyumba zinazokula kiwanja chote, au tunapanga ghorofani, kisha tunashangaa kwa nini akina mama wanaumwa.

Surat An-Nur, katika aya ya 60, imewapa wanawake wazee wasiotarajia tena kuolewa nafasi ya kupunguza nguo zao za juu bila ya kujionyesha mapambo, na ikabainisha kuwa kujizuia ni bora kwao. Mipaka ya ruhusa hiyo huulizwa kwa wanazuoni. Lakini kwa haja tunayoizungumzia hapa, mama hahitaji hata kuifikia. Anahitaji ua wenye ukuta au uzio wa makuti, ambamo anaweza kukunja mikono ya nguo hadi juu ya viwiko na kuacha miguu wazi.

Je, saa ngapi? Wengi huamini kuwa jua zuri ni lile la saa moja asubuhi. Jua hilo ni laini kweli, lakini mionzi inayotengeneza vitamini D ni michache wakati huo, kwa kuwa hupita kwa mshazari katika hewa nyingi. Kanuni nyepesi ni kutazama kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua linafanya kazi hiyo. Muislamu anakijua kipimo hiki, kwani wakati wa Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, zaidi ya kile kilichokuwapo jua lilipokuwa kichwani. Basi kwa nchi yetu muda wenyewe ni tangu saa nne hivi asubuhi mpaka karibu na Alasiri.

Hakuna idadi moja ya dakika inayomfaa kila mtu. Ngozi nyeusi ina kinga yake dhidi ya jua, kwa hiyo huhitaji muda mrefu kuliko ngozi nyeupe. Njia bora ni kumpa mama kazi ndogo ya kila siku nje, kama kuchambua mboga, kumwagilia bustani au kugeuza dagaa kwenye kichanja. Kichwa na uso vinaweza kubaki kivulini au chini ya mtandio. Asikae mpaka ngozi iungue au kichwa kiume, na mwenye shinikizo la damu au moyo achague saa nne badala ya saa saba. Ndugu zetu wenye ualbino wasifuate ushauri huu kabisa. Kwao jua ni hatari ya saratani ya ngozi, na vitamini D waipate kwa ushauri wa daktari.

Sahani ya Ziwa

Jua likishaufungua mlango, lazima kiwepo cha kupita. Mapendekezo ya wataalamu wa Marekani ni kwamba mwanamke aliyevuka miaka 50 apate miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha robo lita ya maziwa kina miligramu 300 hivi, yawe mabichi yaliyochemshwa au mgando.

Dagaa ni chakula bora kwa jambo hili, kwa sababu huliwa na miiba yake, na kalsiamu imo kwenye miiba. Minofu ya sangara ni tamu na ina protini nyingi, lakini haina mfupa. Kwa hiyo mama asione haya kula dagaa siku mwanawe anapoleta minofu. Atakayeshindwa kutafuna atwangiwe dagaa waliooshwa vizuri kuondoa mchanga, wachanganywe kwenye mchuzi. Mboga za majani kama sukumawiki nazo husaidia. Protini isisahauliwe, kwani mzee anayekunywa chai na mkate tu hupoteza misuli, na asiye na misuli huanguka.

Vidonge si mbadala wa kila kitu

Siku hizi maduka mengi yanauza vidonge vya vitamini D na kalsiamu, na wapo wanaovisifu kwa kila ugonjwa. Tujifunze kwa waliopima. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006 uliwafuatilia kwa miaka saba hivi wanawake 36,282 waliokoma hedhi. Nusu yao walipewa kila siku miligramu 1,000 za kalsiamu na uniti 400 za vitamini D, na nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Mfupa wa nyonga uliimarika kidogo, lakini kuvunjika hakukupungua kwa kiwango cha kuthibitika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Utafiti mwingine wa huko huko, uliotangazwa mwaka 2022, uliwapa watu wazima wenye afya uniti 2,000 za vitamini D kwa siku. Nao haukupunguza kuvunjika kwa mifupa.

Maana yake si kwamba vitamini hii haina faida. Wengi wa wanawake wale hawakuwa na upungufu, na anayeongezewa juu ya kinachotosha hapati ziada. Dawa ina nafasi yake kwa aliyepungukiwa kweli, kwa mzee asiyeweza kutoka nje, na kwa anayetibiwa mifupa dhaifu. Wataalamu hupendekeza uniti 600 kwa siku kwa wasiozidi miaka 70 na 800 kwa waliovuka hapo. Anayemeza dozi kubwa bila kupimwa anaweza kuzidisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo.

Mambo ya kumweleza daktari

Yapo mengine yanayoungana na vitamini D katika kuidhoofisha mifupa ya mama, na familia inapaswa kuyajua kabla ya kwenda hospitali. Je, hedhi ilikoma mapema, kabla ya miaka 45, au alitolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji? Je, anatumia dawa za kifafa, au prednisoloni kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au viungo? Je, ana maradhi ya figo, ini au kisukari? Je, anavuta tumbaku? Je, uzito umezidi sana? Vitamini D hujificha katika mafuta ya mwili, na watu wanene mara nyingi hukutwa na kiasi kidogo katika damu. Wembamba uliopita kiasi nao ni hatari, kwa kuwa mfupa wake huwa mwepesi.

Tena, aangaliwe kama amepungua kimo, kama mgongo umeanza kupinda, au kama amewahi kuvunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu. Hizo ni ishara kwamba mfupa umekwisha kudhoofika, na zipo dawa za hospitali kwa ajili yake. Nyumbani, taa iwepo njiani kuelekea chooni, sakafu ya bafu isiteleze, na mkeka uliokunjamana uondolewe. Mama anayeamka kwa ajili ya Tahajudi asiivunje nyonga yake akienda kutawadha gizani.

Maandalizi haya yaanze mapema. Mwanamke wa miaka 40 anayesoma makala haya bado ana nafasi ya kuingia katika ukomo wa hedhi akiwa na mfupa imara, kwa kutembea, kwa kula vyema na kwa kutoka nje. Na kijana aliyemleta mama yake mjini hana haja ya kumrudisha kijijini. Amtafutie ua. Kama hana ua, basi kesho baada ya saa nne asubuhi amshike mkono, watembee polepole mpaka kwa jirani na kurudi.

Allah awape mama zetu afya na mwisho mwema, na atujaalie tuwe katika wanaowafanyia wema kwa elimu. Amin.